Mwanandani wa Shule ya Msingi

Viatu nilivyovaa siku ile havikuwa vya msibani. Vilikuwa vya visigino, vya kukaa navyo mezani ofisini, maana simu ilinikuta kazini Masasi mjini na sikupata hata nafasi ya kupita nyumbani kubadili. Nilipoteremka Lupaso, kila hatua kisigino kikawa kinazama kwenye mchanga wa shamba la mikorosho, nami nikawa nakwenda kama kuku aliyekanyaga ulimbo. Nikachomoa kanga kwenye mkoba, nikajifunga, nikasogea walipokuwa wamesimama watu. Hapo harufu ikanipata. Ile harufu ya udongo uliotoka chini sasa hivi, wa baridi, ambao haujawahi kuona jua tangu dunia iumbwe.

Aliyefariki alikuwa mwalimu wangu wa kwanza, Mwalimu Ngonyani, Mngoni wa Songea aliyekuja Newala kufundisha akiwa kijana, akaoa Masasi, na alipostaafu akajenga huko huko Lupaso kwa wakwe zake. Nilikuwa nimelia njia nzima. Lakini harufu ile iliponiingia puani nilijikuta natabasamu, tena tabasamu la meno yote, mpaka mama mmoja aliyekuwa karibu akaniangalia kwa jicho la pembeni. Nikaziba mdomo kwa pindo la kanga. Ningemweleza nini yule mama? Kwamba mimi na marehemu tulijuana shimoni?

Kwetu ni kijiji cha juu huko Newala, si mbali na Chilangala, mahali ambapo ukisimama ukingoni asubuhi unaliona bonde la Ruvuma limejaa ukungu. Nilikulia kwa Bibi, mama wa mama yangu, na mama mwenyewe akiwepo: nyumba moja, sufuria moja, kelele mbili. Bibi alikuwa mfupi, mwenye chale usoni na ulimi usiolala. Herufi "m" ikisimama mbele ya "t" hakuipa nafasi kabisa. Mtoto kwake alikuwa ntoto, mtu ntu, na mtani ntani. Mimi aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na ingawa Babu alishafariki kabla sijazaliwa, hilo halikumzuia Bibi kunionea wivu.

Kwa Bibi, kila kilichochimbwa kilikuwa handaki. Shimo la taka, handaki. Shimo la choo, handaki. Ukimwambia, "Bibi, huu ni mtaro," anakujibu, "Ntaro ni handaki la maji." Neno hilo alilipata wakati wa vita ya ng'ambo ya Ruvuma, ndege za Wareno zilipokuwa zikivuka mto, na watu wa upande wetu wakaambiwa kila nyumba ichimbe handaki la kujificha. Letu lilikuwa bado lipo nyuma ya nyumba, limefukiwa nusu, na ndani yake Bibi alipanda maboga. Maboga ya handakini yaliyapita ya kijiji kizima kwa ukubwa, na watu walikuja kuomba mbegu. Na humo humo, Bibi alinihadithia bila kuchoka, ndimo alimozaliwa mama yangu, ndege ikinguruma juu, mkunga akimsihi Bibi asipige kelele rubani asije akasikia. Hakuisimulia kwa huzuni hata kidogo. Akifika kwa rubani alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu.

"Rubani gani atasikia, ntoto wewe?" alikuwa akisema. "Nilipiga kelele, ndege ikakimbia."

Mama yeye alikuwa mtu wa mtaro. Huko juu hatuna mto wala chemchemi. Maji yako chini bondeni, kushuka ni kicheko na kupanda ni kilio. Kwa hiyo mvua ikinyesha, kila tone lililoanguka kwenye bati letu lilikuwa la kukimbiliwa: liteleze, lishuke kwenye mtaro, liingie kwenye kisima tulichochimba mbele ya baraza. Mama aliufagia mtaro ule kuliko alivyofagia chumba chake. Nikiuruka vibaya udongo ukaporomoka ndani, aliniita kwa jina langu, la baba na la babu, na nilijua nimekwisha.

Sasa mchukue mtoto ambaye hajui kusoma lakini anajua kujumlisha. Mama katoka handakini. Maji yanatoka kisimani. Maboga yanatoka handakini, mihogo inatoka ardhini. Juu kuna nini? Juu kuna jua na ndege za Wareno. Nilikuwa sijaanza shule bado lakini kanuni ya dunia nilikwisha kuipata, kwamba kitu chema kinakaa shimoni, na mwenye kukitaka akifuate huko.

Kisha akafa Babu Mkubwa, kaka yake Babu, mzee wa siku nyingi ambaye hata meno alikuwa ameshayasahau. Kilikuwa kifo cha kushiba miaka. Watu walilia kidogo, wakapika sana. Mimi nikatumwa na kindoo cha maji kuwapelekea waliokuwa wakichimba kaburi nyuma ya mikorosho, na kabla sijafika nikawasikia wakibishana.

"Mwanandani bado mfupi," alisema mmoja.

"Mfupi, lakini mpana," akasema mwingine.

Nikasimama na kindoo changu kichwani. Ninyi wenzangu mnajua mwanandani ni nini. Ni ule mtaro mdogo unaochongwa chini kabisa ya kaburi, anamolazwa maiti, kisha unazibwa kwa mbao ndipo udongo ushuke. Mimi sikujua. Mimi nilisikia mwana, na nikasikia ndani. Nilielewa kwamba humo kaburini kuna mtoto, mfupi, mpana, na watu wazima wanamjadili. Nilitamani sana kumwona. Walipopumzika, wakatoka na kukaa kando kunywa maji, nikanyata mpaka ukingoni nikachungulia.

Sikumkuta mtoto. Nilimkuta Mwalimu Ngonyani, mwalimu mkuu wa shule yetu, mtu ambaye wanafunzi wakimwona njiani walikuwa wanaingia vichakani. Aliketi katikati ya kaburi na suruali yake ya kaki, miguu ameinyoosha, mikono ameifunga kifuani.

"Mzee wenu hazikwi," alisema. "Nimehamia mimi. Nimepapenda."

Wachimbaji wakaangua kicheko. Wazee wakaitwa, wakaja, wakaanza kumbembeleza. "Mtani, toka bwana, jua linakwenda." Naye anajibu kwamba hatoki mpaka apewe, kwamba marehemu alikuwa mchoyo wa mihogo, akiona mgeni anaifunika kwa ungo, na kwamba bila jogoo, tena jogoo mwenye nguvu, yeye nyumba hii haiachi. Wakabishana, wakacheka, wakatishiana, mpaka jogoo wa Bibi akaletwa amefungwa miguu. Ndipo Mwalimu akatoka, akajipangusa vumbi, akambana jogoo kwapani. Halafu akasimama pale ukingoni, akalia. Alilia kwa sauti, kama mtoto, jogoo naye akilalamika kwapani, kwa sababu yeye na Babu Mkubwa walikuwa marafiki wa kucheza bao kila jioni.

Usiku ulipoingia nilimuuliza Bibi. "Bibi, yule mwana wa ndani ya kaburi alikwenda wapi?"

"Ntoto gani?"

"Mwanandani. Wanasema mfupi, mpana."

Bibi akanitazama, akamtazama mama, akaweka kisahani cha chai chini ili asimwage. Hakunisahihisha. Mtu mwenye ulimi ule angewezaje kuacha bahati kama hiyo ipite? "Ulimwona nani ndani?" akaniuliza.

"Mwalimu."

"Basi ndiye huyo mwanandani. Ntani akishaingia handakini hatoki mpaka apewe anachotaka. Ukimvuta kwa nguvu unajitafutia mkosi." Akanieleza kwamba hao Wangoni zamani walikuja kwetu na ngao na mikuki, wakatukimbiza, wakala mihogo yetu, na kwamba baadaye watu walichoka kukimbizana wakaona bora wataniane.

"Na sisi tunaweza kuingia kwao?"

"Kwa nini tusiweze? Utani ni njia ya kwenda na kurudi."

Nililala nikiwa na elimu hiyo, na ikakaa kwangu kimya kimya mpaka msimu wa korosho, wakati wa kuandikisha watoto wa darasa la kwanza.

Nilikuwa naitaka shule ile kwa mambo mawili. La kwanza lilikuwa Somoe, binti wa jirani, tuliyekuwa tukila naye sahani moja. Somoe akienda shule mimi ningebaki kucheza na nani? La pili lilikuwa kanga za Bibi. Bibi alinunua kanga kwa rangi tu, yale maandishi ya chini hakujua yanasema nini, na siku moja kwenye harusi alivaa kanga mpya nyekundu, wanawake waliojua kusoma wakamtazama, wakatazamana, na bibi harusi akaondoka ukumbini analia. Mpaka leo hatujui ilisema nini, maana Bibi aliitia moto. "Mke mwenzangu," aliniambia baada ya hapo, "nenda shule upesi, unisomee kanga zangu nijue nimekuwa nikiwatukana akina nani." Alikuwa anacheka alipoyasema hayo, lakini baadaye nilimwona amekaa peke yake mbele ya sanduku, anazikunjua moja moja, anapitisha kidole juu ya maandishi, na hacheki. Nikaapa nitamsomea.

Wenzangu wa umri wangu mnakikumbuka kipimo cha siku zile. Nani alikuwa na cheti cha kuzaliwa? Unapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, katikati, shingo imenyooka, unashika sikio la kushoto. Ukishika, wewe ni mwanafunzi. Usiposhika, rudi nyumbani ukafukuze kuku kwenye mpunga. Somoe alikuwa mrefu kama mti wa bendera. Yeye alishika sikio akapitiliza, akajikuna shavu. Ikawa zamu yangu. Mkono ukapanda, ukavuka, ukaishia kwenye nywele. Nilijinyoosha mpaka nikaona nyota. Mwalimu Ngonyani akachuchumaa, akanichunguza mbele na nyuma kama anayenunua mbuzi.

"Mkono hauna tatizo," alisema. "Kichwa ndicho kikubwa. Mtani, rudi mwakani, kichwa kiusubiri mkono."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Kwa mtoto mwakani ni mbali kuliko Songea. Nililia tangu shuleni mpaka nyumbani, na kila jioni baada ya siku ile Bibi aliupaka mkono wangu mafuta ya ufuta akauvuta, mama akishika kichwa kisifuate. Mkono ukawa laini sana. Kurefuka haukurefuka.

Mvua za kwanza ziliponyesha nikasikia wanaume barazani wakisema wanakwenda kuchimba msingi wa shule. Darasa jipya lilikuwa linaongezwa. Nikasimama wima. Msingi? Mimi siku zote nilikuwa nikiambiwa ipo shule ya msingi, watoto wanaandikishwa shule ya msingi, na nilikuwa nikiyatazama madarasa yale marefu yenye bati nikidhani ndiyo yenyewe. Kumbe yale yalikuwa paa tu. Shule ya msingi yenyewe iko chini, inachimbwa, kama kila kitu chema. Sikuwahi kuona jambo likakaa sawasawa kichwani kama lilivyokaa lile.

Asubuhi ya kumwaga zege nilivaa gauni langu la Idi. Nilifika kabla ya wengi. Msingi ulikuwa umechimbwa vizuri, umenyooka, kuta zake nyekundu zimekatwa kama kwa kisu, kamba imevutwa juu yake kutoka kigingi hadi kigingi, na mvua ya jana imeufanya utoe ile harufu. Nikashuka pembeni. Nikakaa chini, nikanyoosha miguu, nikafunga mikono kifuani. Palikuwa na ubaridi mtamu. Juu yangu niliona kipande chembamba cha mbingu na mguu wa kunguru aliyekuwa akipita ukingoni. Sijui kama nimewahi kukaa mahali pakanifurahisha kama pale.

Fundi ndiye aliyenikuta, amebeba karai la kwanza.

"Wewe mtoto, toka humo."

"Sitoki."

"Zege halilali, wewe."

"Hata mimi silali," nikamwambia.

Akatua karai, akainama anikamate mkono, na mzee mmoja aliyekuwa akimimina maji ya zege akamzuia. Alikuwa ameniona nilivyokaa. "Mwache," alisema polepole. "Hebu tazama alivyokaa. Mwiteni Mwalimu."

Kichwa cha Mwalimu Ngonyani kikatokea juu ya ule ukanda wa mbingu, na miwani yake.

"Nani yuko ndani?"

"Mwanandani," nikajibu.

Machepe yakanyamaza. Halafu mtu mmoja akapasuka kicheko, na wote wakafuata, wengine wakikaa chini kabisa. Mwalimu alijitahidi kuushikilia uso wake wa ualimu.

"Mwanandani wa nani?"

"Wa shule ya msingi. Shule haijengwi. Nimehamia mimi. Nimepapenda."

Aliyajua maneno yake. Nikaona sharubu zinamcheza. "Sasa unataka nini, mtani? Kuku?"

"Kuku tunao. Nipewe shule."

Akachuchumaa ukingoni. "Sikiliza, mwanangu. Mambo hayo ni ya kaburini. Huu ni msingi."

"Bibi anasema yote ni handaki."

Wakati huo Bibi alikuwa amekwisha kupashwa habari na alikuwa anakuja, kanga moja kiunoni, moja kichwani, bila haraka hata kidogo. Mama alimfuata nyuma amejishika kichwa. Bibi akakaa chini ukingoni, miguu akaining'iniza msingini karibu na kichwa changu, na nikajua sasa tuko wawili.

"Shikamoo, Bibi," alisema Mwalimu.

"Marahaba, ntani. Nasikia una mgeni."

"Ninaye. Ana kichwa kikubwa kama cha bibi yake."

"Kichwa chetu kina akili, nafasi inatakiwa."

"Bibi, nawe hizo chale usoni ni ramani ya kushukia bondeni kuteka maji, au nini?"

"Ni ramani ya mlikokimbilia ninyi Wangoni," akasema Bibi. "Nikuulize, Mwalimu. Wewe ulikaa kwenye kaburi la shemeji yangu. Tulikuvuta?"

"Hamkunivuta."

"Tulikupa jogoo. Yuko wapi?"

Mwalimu akasita. "Nilimla."

"Basi."

Fundi akasema, "Mwalimu, zege linakauka." Mwalimu akatazama zege, akamtazama Bibi, akanitazama mimi. Akasema kanuni ni kanuni, yeye hakuitunga, na akimwandikisha mtoto ambaye mkono haujafika, kesho wataletewa watoto wanaonyonya. Kisha sauti yake ikawa ya upole. "Inuka, mtani. Jaribu tena."

Nikainuka. Nikapitisha mkono juu ya kichwa changu kikubwa, mkono uliokunywa mafuta ya ufuta jioni zote zile. Ukavuka. Ukafika kwenye nywele, ukashuka kidogo kuliko mara ya kwanza, ukakwama. Nililisikia sikio liko pale, chini kidogo tu ya ncha ya kidole. Mama akasema kwa sauti ndogo, "Vuta, mwanangu." Nilivuta. Machozi yakaanza, nikajua nimeshindwa, na kwamba Somoe atakwenda peke yake, na Bibi atabaki na maandishi yake ya sandukuni.

Ndipo Mwalimu Ngonyani, mwalimu mkuu, akalala kifudifudi. Na shati lake jeupe, kwenye ule udongo mwekundu uliolowa. Akaunyoosha mkono chini msingini, akalikamata sikio langu kwa vidole viwili. Nikafumba macho, maana mkono wa mwalimu ukifika sikioni mtoto anajua kinachofuata. Lakini hakulifinya. Alilivuta juu, taratibu, kidogo, mpaka likagusana na kidole changu.

"Limefika," alisema. "Mwandikeni."

Akanishika mikono yote miwili, akanitoa. Zege likamwagwa mahali nilipokuwa nimekaa, na mpaka leo darasa lile limesimama. Nikipita naugonga ukuta wake kwenye ile pembe yangu.

Shule ilinipeleka nilikotaka. Siku niliyoweza kuunganisha herufi nilikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la Bibi. Ile kanga ya kijani aliyopenda kuliko zote, aliyoivaa kila Ijumaa kwenda kumsalimia rafiki yake wa tangu usichanani, ilikuwa imeandikwa UMEZIDI UMBEA. Bibi aliuliza mara tatu kama nina hakika. Kisha akaivaa, akaniambia nimfuate, tukaenda kwa huyo rafiki yake nikamsomee na yeye, maana naye hakujua kusoma, na nadhani hakuna aliyewahi kucheka vile kwenye baraza lile. Naye Mwalimu, mpaka namaliza darasa la saba, hakuniita kwa jina langu hata siku moja. Nilikuwa Mwanandani asubuhi kwenye foleni, Mwanandani ubaoni, Mwanandani kwenye viboko. Nilipopata kazi Masasi nilikuwa nikimpelekea sukari Lupaso, na kabla hajaitikia shikamoo yangu alikuwa akisema, "Shika sikio kwanza."

Pale Lupaso jeneza lilikuwa limeshaletwa. Katekista alikuwa amefungua kitabu. Mtoto mkubwa wa Mwalimu, mwanamume mwenye mvi sasa, akauliza, "Watani wapo?"

Watu wakatazamana. Akauliza tena. Wazee waliojua mambo hayo walikuwa wachache, na vijana wengine walikuwa wameshika simu. Yule mtoto akasema, bila kumwambia mtu hasa, "Baba alikuwa akisema, mkinizika kimya kimya kama mwizi, nitawarudia." Akajaribu kucheka, ikashindikana. Akamwashiria katekista aendelee.

Nikaviangalia viatu vyangu. Nikavivua, nikampa yule mama wa jicho la pembeni. "Nishikie, mama," nikamwambia. Nikapenya katikati ya watu, nikakaa ukingoni mwa kaburi, nikashuka.

Ulikuwa ubaridi ule ule. Nikakaa chini na sketi yangu ya ofisini, nikanyoosha miguu, nikafunga mikono kifuani. Juu palikuwa na mbingu kidogo na vichwa vingi.

"Mzee wenu hazikwi," nikasema. "Nimehamia mimi. Nimepapenda."

Bibi kizee mmoja huko nyuma akapiga kigelegele. "Mtani kapatikana," alisema, na watu wakaanza kusogea, na yule mtoto mkubwa akapiga magoti ukingoni, machozi yanamtoka, anacheka.

"Karibu, mtani. Unataka nini? Jogoo yupo."

"Jogoo mle wenyewe. Baba yenu alikula wetu." Nikawaambia nataka wote washike sikio. Watoto, wajukuu, wakwe, mkono juu ya kichwa, shingo imenyooka. Asiyeshika, mimi sitoki.

Walidhani natania, na kweli nilikuwa natania, kwa hiyo wakafanya. Watu wazima waliovaa nguo nyeusi wakapitisha mikono juu ya vilemba na vipara, wakashika masikio, wanachekana, wanalia. Katekista akafunga kitabu akashika na yeye. Mama wa jicho la pembeni akashika, viatu vyangu vikimning'inia mkononi. Akabaki mmoja tu, kajukuu ka Mwalimu ka kike, kamesimama mbele kabisa ukingoni, mkono umekwama kwenye nywele, midomo imeanza kucheza.

Nikainuka. Kaburi lilinifika mabegani. "Inama kidogo, mtani," nikamwambia. Akainama. Nikalikamata sikio lake kwa vidole viwili, nikalivuta juu, taratibu, mpaka likagusana na kidole chake.

"Limefika," nikasema, kisha nikanyoosha mikono yote miwili juu, wanitoe.